Tishu ya Thiroidi ya Binadamu Nje ya Mwili: Tofauti Kati ya Uhai na Utendaji

Makala haya yanafafanua namna tishu ya tezi ya thiroidi ya binadamu inavyodumishwa hai nje ya mwili kwa ajili ya utafiti. Hoja yake kuu ni kwamba kuishi kwa seli hakutoshi. Sharti seli hizo ziendelee kufanya kazi ya thiroidi.

Tezi hii, iliyopo sehemu ya mbele ya shingo, imeundwa kwa vifuko vidogo vya mviringo. Ukuta wa kila kifuko ni safu moja ya seli, na ndani yake mna ute uliojaa protini iitwayo thiroglobulini. Upande wa nje wa seli hufyonza iodini kutoka kwenye damu, na kwenye upande wa ndani iodini hiyo huunganishwa na protini ili homoni itengenezwe. Kwa hiyo, umbo la kifuko ni sehemu ya kazi yenyewe. Seli zikitenganishwa na kupandwa kwenye sahani bapa ya plastiki, huweza kuishi na hata kuongezeka. Lakini hutandaa, hupoteza mpangilio wa nje na ndani, na uwezo wake wa kukusanya iodini hufifia.

Wazo la kudumisha umbo hilo si geni. Mwaka 1935, Alexis Carrel na Charles Lindbergh, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walitumia pampu ya kioo kupitisha kimiminika chenye lishe ndani ya tezi nzima ya thiroidi ya paka. Hata hivyo, mnyama hawezi kumwakilisha binadamu kikamilifu. Katika damu ya binadamu, homoni ya thiroksini hupungua kwa nusu baada ya takriban siku saba. Kwa panya, muda huo haufiki siku mbili.

Tishu ya binadamu hutokana na upasuaji wa rovu, ugonjwa wa Graves au saratani. Mgonjwa akisharidhia, na mtaalamu wa patholojia akishachukua sehemu ya uchunguzi, masalia hupelekwa maabara yakiwa katika ubaridi. Hukatwa vipande vyenye unene usiofika nusu milimita, kwa kuwa oksijeni haipenyi mbali pasipo mzunguko wa damu. Vipande hivyo hulelewa katika nyuzijoto 37 za selsiasi, ama juu ya utando uliopo kati ya lishe na hewa, ama katika kifaa chenye vijifereji vinavyopitisha lishe mfululizo. Aidha, huongezwa homoni ya pituitari inayochochea thiroidi.

Mtafiti anayepima vifo vya seli pekee anaweza kuhitimisha kwamba kemikali fulani haina madhara, ilhali tishu iliacha kufyonza iodini kabla ya jaribio kuanza. Hivyo basi, vipimo vya uhai viambatane na vipimo vya ufyonzaji wa iodini na utoaji wa thiroglobulini. Vilevile, kwa kuwa tezi za wagonjwa hutofautiana, kipande kilichotiwa kemikali kilinganishwe kwanza na kisichotiwa cha mgonjwa yuleyule.