Nondo wa Naivasha aliyehamishwa ukoo

Kwenye mashamba ya waridi yanayolizunguka Ziwa Naivasha, mdudu anayewanyima wakulima usingizi ni nondo mwenye rangi ya udongo ambaye hata akitandaza mabawa hazidi sentimita mbili. Jike hutaga kwenye mmea, na kiwavi akianguliwa hutoboa tumba na kujichimbia ndani. Ua lenye kiwavi huweza kuchumwa, kufungwa na kupakiwa ndegeni bila mtu kumwona. Mkaguzi wa Ulaya akimgundua, shehena nzima huweza kukataliwa.

Katika vyeti vya usafirishaji mdudu huyu ni Thaumatotibia leucotreta, jina lililochukua miaka 86 kutulia. Mwaka 1913 Edward Meyrick, mwalimu wa shule Uingereza aliyewapa majina maelfu ya nondo wadogo, alimwita Argyroploce leucotreta. Miaka miwili baadaye Mjerumani aliyeitwa Zacher alimwelezea mdudu huyo huyo kana kwamba ni mgeni, akamwita roerigii na kumuundia jenasi mpya, Thaumatotibia.

Kanuni ya uainishaji ni kwamba aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye haki, hivyo leucotreta likashinda. Jenasi ya Zacher haikushika, na kwa miongo mingi watafiti walimwandika nondo huyu chini ya Cryptophlebia. Ni mwaka 1999 ambapo Mjapani Furumi Komai, akipitia upya jenasi ya Grapholita na jamaa zake, alimrudisha Thaumatotibia. Jina la Meyrick huandikwa ndani ya mabano: ishara kwamba spishi ni yake, ila imehamishwa jenasi.

Uamuzi kama huo hautolewi kwa kutazama rangi ya mabawa, kwani rangi hudanganya. Mtaalamu hukata ncha ya tumbo la nondo, huilainisha kwa dawa, kisha huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Hutazama pia mishipa ya mabawa na miguu. Dume wa nondo huyu ana manyoya mengi kwenye miguu ya nyuma. Siku hizi vipimo vya DNA huongezwa.

Mkulima ana sababu ya kujali. Thaumatotibia batrachopa, jamaa wa karibu, hushambulia makadamia, na viwavi wao ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Mitego yenye chambo cha harufu ya jike nayo huweza kuwanasa madume wa spishi jirani, na mwenye shamba akahesabu adui asiyekuwepo. Tena, anayesaka utafiti kwa jina jipya peke yake hukosa maarifa mengi yaliyoandikwa kabla ya 1999.

Tangu Aprili 2025, Umoja wa Ulaya umekaza masharti dhidi ya nondo huyu kwa waridi kutoka nchi anakopatikana, na mzigo wa kuthibitisha usafi wa maua umeiangukia KEPHIS, taasisi ya Kenya ya ukaguzi wa afya ya mimea, pamoja na wakulima. Fedha nyingi zimeelekezwa kwenye mitego, nyavu na wakaguzi wa mashambani. Hayo yanahitajika, lakini yote hutegemea mtu anayeweza kusema kwa uhakika aliyenaswa ni nani. Vyuo vyetu, kikiwemo Egerton kule Njoro, vinapaswa kumsomesha na kumwajiri mtu huyo, kwa sababu bila yeye kaunti ya Nakuru, ambamo Naivasha imo, itaendelea kungoja Ulaya iitambulishie nondo wa Afrika.