Fahamu: Je, papa hufundishika kama pomboo?

Mwaka 2013, pendekezo la kuwafungia papa shilingi, yaani potwe, ndani ya uzio baharini huko Waa, Kwale, pwani ya Kenya, lilipingwa vikali. Je, wangefundishika? Kwa kiasi, ndiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Florida, mwanasayansi Eugenie Clark aliwafunza papa kusukuma ubao kwa pua ili wapewe chakula. Wakashika somo. Huko Atlanta, potwe wa kwenye tangi la maonyesho walifunzwa kufuata upawa wa chakula. Ila pomboo hula mara nyingi kwa siku, na kila dagaa ni nafasi ya kumfunza. Papa wengi wakishashiba hawana haja nawe. Sarakasi, sahau. Potwe huweza kupita urefu wa mita 10 na husafiri mbali. Mimi ningemwacha apite pwani ya Diani kwa hiari yake.