Ziara ya U2: Gharama zilitangulia mali

Wanunuzi wa kamba wa Nyamisati, Kibiti, wanaijua hasara hii: gari limekodiwa, barafu inayeyuka, na mashua bado zinasubiri maji yajae katika delta ya Rufiji. Bendi ya roki ya U2 ya Ireland iliionja mwaka 1997, kwa mamilioni ya dola.

Tarehe za ziara zilipangwa wakati albamu ya Pop haijakamilika. Albamu ilitoka Machi, muda wa mazoezi ukawa umemegwa, na onyesho la kwanza, Las Vegas, Aprili 25, likawa na kasoro. Gharama za jukwaa na wafanyakazi zilizidi dola 200,000 kwa siku, hata siku isiyo na onyesho. Baadhi ya viwanja vya Marekani havikujaa.

Ziara ilifungwa Johannesburg, Machi 1998, viingilio vikiwa vimepita dola milioni 170. Hata hivyo, mauzo makubwa si faida kubwa. Baadaye bendi ilirekodi upya baadhi ya nyimbo: gharama ya pili kwa bidhaa ileile.

Mwenye mtaji mdogo na ahesabu kwanza gharama ya kila siku ya kungoja. Gari akodi kwa safari, si kwa siku. Mashua ikichelewa, hasara isiwe yake peke yake.