Usiku Nilipomlilia Adui

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Jumamosi usiku, watoto wamelala, wewe na mwenzako mmejibwaga kwenye kochi na bakuli la bisi katikati. Nani anachagua muvi? Kwetu sisi ni zamu kwa zamu. Zamu yangu ni mapenzi, zamu yake ni risasi. Ndoa inadumu kwa mikataba midogo kama hiyo.

Basi Jumamosi moja, zamu ikiwa yangu, nikaja na filamu ya vita. Baba Amani alifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Furaha ile haikufika dakika tano.

"Hawa mbona wanaongea Kijapani? Wamarekani wako wapi?"

"Humu Wajapani ndio wenyeji," nikamjibu. "Wamarekani ndio wanaokuja kuwavamia. Soma maandishi ya chini."

Akaweka bakuli la bisi mezani. "Mama Amani, yaani mimi nikae hapa nimlilie Mjapani? Unajua babu alirudi na nini kutoka Burma?"

Najua. Kila aliyeolewa kwenye ukoo ule anajua. Babu yake alikuwa askari wa Keya, wale vijana wetu waliovalishwa kaptula na Mwingereza wakapelekwa kupigana ng'ambo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, ndani ya mvua, matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani. Babu alirudi na kofia, blanketi la jeshi na kovu pajani. Kuhusu Mjapani alikuwa na sentensi moja tu: "Yule mtu hakimbii." Zaidi ya hapo alinyamaza mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo swali la mume wangu halikuwa la utani. Unamlilia vipi mtu ambaye, kama risasi yake ingepanda juu kidogo, mume wako asingezaliwa?

KAUBOI ALIYEBADILISHA KITI

Filamu yenyewe ni Letters from Iwo Jima, iliyotoka Desemba 2006. Aliyeiongoza ni Clint Eastwood. Ndiyo, yuleyule kauboi wa kutafuna sigara ambaye baba zetu walimlipia kiingilio kwenye majumba ya sinema! Alikuwa akitengeneza filamu nyingine, Flags of Our Fathers, kuhusu Wamarekani waliopandisha bendera juu ya mlima Suribachi, katika ile picha iliyozunguka dunia nzima. Akaona hadithi ni nusu, maana kulikuwa na watu ndani ya mlima ule. Akatengeneza ya pili kutoka upande wao, kwa lugha yao, na waigizaji wa Kijapani. Aliyeandika maneno yake ni mwanamke, Iris Yamashita, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani.

Ilishindania Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka, ikapata moja, ya uhariri wa sauti. Golden Globe nao wakaipa tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kali zaidi ni kwamba Wajapani wenyewe walifurika kuitazama.

Sasa historia kidogo, usichoke. Wakati wa vita Iwo Jima kilikuwa kisiwa cha kilomita za mraba 21 hivi, kilomita kama 1,200 kusini mwa Tokyo. Ardhi yake inanuka kiberiti na inafuka moshi, na maji ya kunywa ni ya mvua tu. Wamarekani walitua tarehe 19 Februari 1945 wakidhani ni kazi ya siku chache. Ilichukua siku 36. Wamarekani karibu 7,000 walikufa. Wajapani walikuwa kama 21,000, na waliokamatwa hai walikuwa karibu 1,000 tu. Wengine wote walibaki palepale.

JENERALI NA SAKAFU YA JIKONI

Mkuu wa kisiwa kile alikuwa Jenerali Tadamichi Kuribayashi, anayeigizwa na Ken Watanabe. Huyu hakuwa kichaa wa vita. Aliwahi kuishi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, akaijua nguvu ya nchi ile na akajua kupigana nayo ni balaa. Akatumwa kupigana nayo.

Anapofika kisiwani anakuta askari wanachimba mitaro ufukweni. Anaisimamisha kazi ile. Anawaambia waingie ndani ya mwamba, na kweli zikachimbwa njia za chini ya ardhi zinazokadiriwa kufika kilomita 18. Anakataza pia mtindo wa kukimbilia risasi kwa kelele ili mtu afe kishujaa. Kila mmoja abaki hai kadiri awezavyo na apunguze nguvu ya adui, basi.

Lakini kilichonikamata si mbinu zake. Ni barua yake ya mwanzo kwa mkewe. Mtu anakwenda mahali ambapo anajua hatarudi, vitu vyote ameviweka sawa, ila kuna kimoja kinamsumbua: hakuwahi kumalizia sakafu ya jikoni. Anajuta.

Sakafu ya jikoni, jamani!

Wala hii si chumvi ya Hollywood. Kuribayashi wa kweli aliandika nyumbani kutoka kisiwani akisikitika kuhusu upepo wa baridi uliokuwa ukipenya jikoni mwa mkewe. Na miaka ile akiwa Marekani alikuwa akimtumia mwanawe barua zenye michoro ya mambo anayoyaona. Barua zake zilikuja kuchapishwa kuwa kitabu, na ndizo zilizochangia kuzaliwa kwa filamu hii.

Hapo nikamtazama Baba Amani kwa jicho la pembeni. Bomba la jikoni kwetu linavuja tangu Pasaka. Akajifanya hajaniona.

SIRI YA MTOTO TUMBONI

Jenerali ni mkubwa, tumwache. Roho ya filamu iko kwa askari wa chini kabisa, Saigo, anayeigizwa na Kazunari Ninomiya, kijana aliyejulikana Japani nzima kama mwimbaji wa kundi la Arashi. Saigo si shujaa. Ni mwoka mikate. Analalamika, anakwepa kazi, bunduki hajui kuilenga. Polisi wa kijeshi walikuwa wakipita dukani kwake wakijichukulia mikate, na bidhaa zilipoisha wakachukua hata vyombo vya chuma vya kuokea, eti kwa ajili ya vita.

Halafu usiku mmoja wanagonga mlango na karatasi ya kumwita jeshini. Wanampongeza! Mkewe Hanako ana mimba. Anajaribu kusema kwamba hana mtu mwingine, na mama mmoja kati ya wageni wale anamjibu kwamba wote wametoa waume na watoto wao. Kwa nini yeye awe tofauti?

Wageni wakishaondoka, Hanako analia. Anasema hakuna aliyewahi kurudi. Saigo anainama, anaweka mdomo karibu na tumbo la mkewe na kumnong'oneza mtoto siri: asimwambie mtu, lakini baba atarudi nyumbani.

Kwa nini iwe siri? Kwa sababu katika Japani ya wakati ule, mwanaume kutaka kurudi kwa mkewe ilikuwa aibu. Alitakiwa kutaka kufa. Neno la kawaida kabisa, ambalo mimi na wewe tunalisema kila asubuhi tukishika funguo za gari au tukikimbilia daladala, yeye alilisema kwa kunong'ona, kwa mtu ambaye hajazaliwa.

BARUA YA MAMA SAM

Bisi ziliishia hapa. Kuna ofisa anaitwa Nishi, naye ni mtu wa kweli: Baron Takeichi Nishi, aliyeshinda medali ya dhahabu ya kuruka na farasi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932. Alikuwa na marafiki Hollywood. Katika filamu, watu wake wanamkamata Mmarekani aliyejeruhiwa vibaya, kijana aitwaye Sam. Badala ya kummaliza, Nishi anaagiza atibiwe, ingawa dawa zenyewe hazitoshi. Wanazungumza kwa Kiingereza kama watu waliokutana kwenye baa.

Sam anakufa. Mkononi mwake kuna barua. Nishi anaifungua na kuwasomea askari wake kwa Kijapani. Ni barua ya mama, haina siasa hata chembe: mbwa wamechimba shimo chini ya uzio, mwanangu jiangalie, urudi salama, fanya lililo sawa kwa sababu ni sawa. Askari mmoja baada ya mwingine anasimama, kimya.

Kati yao yupo Shimizu, kijana aliyefundishwa kwamba Mmarekani ni mshenzi na mwoga. Baadaye anamwambia Saigo kwamba hakujua lolote kuhusu adui, na kwamba maneno ya yule mama ni maneno ya mama yake yeye.

Mimi nilikuwa nalia zamani. Baba Amani alikuwa anakohoa kile kikohozi cha wanaume.

JE, TUNAWASAFISHA?

Filamu ilipoisha hakuinuka. Akasema, "Nzuri. Lakini ni janja."

Na ana hoja, msomaji, nisimfiche. Jeshi lile la Japani liliua raia kwa maelfu Nanjing mwaka 1937. Liliwalazimisha wanawake wa Korea, China na kwingineko kuwa watumwa wa ngono wa askari. Kule Burma alikopigana babu, lilijenga reli kwa vifo vya maelfu ya mateka na vibarua. Hayo yote kwenye filamu hayamo. Na watu tunaowapenda zaidi, Kuribayashi na Nishi, ndio waliowahi kuishi na Wamarekani, kana kwamba Mjapani mzuri ni yule aliyekunywa maji ya Marekani.

Nilimjibu hivi. Filamu haijawafanya malaika. Tunaona askari wa Kijapani wakimburuta Mmarekani hadi ndani ya handaki na kumchoma visu vya bunduki. Tunaona ndani ya Suribachi vijana wakijilipua kwa mabomu ya mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wamefundishwa kwamba kushindwa na kuendelea kupumua ni dhambi. Lakini tunaona pia Wajapani waliojisalimisha wakipigwa risasi na Mmarekani aliyechoka kuwalinda. Filamu haisemi nani alikuwa na haki kwenye vita ile. Inasema kila aliyekuwa kwenye shimo lile alikuwa na mtu anayemsubiri, na serikali yake ilimwambia asimfikirie.

"Kumlilia si kumsamehe," nikamwambia. "Babu yako mwenyewe alisema yule mtu hakimbii. Hukuwahi kujiuliza kwa nini hakimbii?"

Akanyamaza. Tukazima taa.

MBUZI WA MJOMBA

Kesho yake, Jumapili, nikamsikia kwenye simu na mama yake. "Mama, shikamoo. Hivi babu akiwa Burma aliwahi kuandika barua?"

Nilisogea. Mama mkwe akacheka kwanza, akauliza kumetokea nini. Kisha akasimulia. Babu hakujua kusoma wala kuandika. Barua ilikuja moja tu katika miaka yote ile, imeandikwa na karani wa jeshi, na bibi naye hakujua kusoma, akampelekea katekista. Watu wakajaa uani kusikiliza habari za vita. Katekista akasoma salamu, akasoma majina, na mwishoni babu akauliza: yule mbuzi aliyeazimwa na mjomba, amesharudishwa?

Basi. Hiyo ndiyo barua nzima. Bibi aliitunza kwenye kibuyu cha mbegu mpaka mchwa wakaila.

Baba Amani alikata simu akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mbuzi." Kisha, "Sakafu." Akaenda stoo, akarudi na spana.

Sisemi filamu itakutengenezea mabomba, dada yangu. Nasema hivi: wanaume wengi, wa Nagano au wa Songea, hawajafundishwa kusema "nakupenda, naogopa". Wanauliza mbuzi karudi. Ukisubiri neno lenyewe unaweza kukosa barua. Na wewe kaka, usifikiri mwenzako ataielewa kila mara. Kuna siku mtaje yeye, mbuzi baadaye.

Filamu inaanza na kumalizika mwaka 2005, watu wakichimbua pangoni mfuko wa barua ambazo hazikuwahi kutumwa. Tukio hilo ni la kubuni, ila kisiwa hakijaisha kuchimbwa: hadi leo mabaki ya Wajapani zaidi ya 10,000 hayajapatikana Iwo Jima. Kila mmoja wao alikuwa na jikoni mahali fulani.

UKITAKA KUITAZAMA NA MWENZAKO

Tengeni muda, ni saa mbili na zaidi kidogo. Watoto walale kwanza, kwani damu ipo. Rangi zimefifia karibu kuwa nyeusi na nyeupe, msidhani televisheni imeharibika. Simu ziwekwe mbali, maana ukikosa maandishi ya chini umekosa filamu. Mkiweza, wiki inayofuata tazameni Flags of Our Fathers, muone risasi zilezile zikitoka upande wa pili.

Na kama kwenu kuna mzee aliyekwenda vita ile, au mtoto wake, piga simu. Usimuulize aliua wangapi. Muulize aliandika nini nyumbani.