Masharti ya Mipaka katika Hesabu za Mtiririko: Mfano wa Ziwa Tanganyika

Milinganyo ya Navier na Stokes, iliyokamilishwa katika karne ya 19, hueleza mwendo wa maji, hewa, mafuta na kila kitu kitiririkacho. Milinganyo hiyo ni ileile kwa bomba la maji, bawa la ndege na ziwa zima. Je, ni kitu gani basi kiifanyacho hesabu fulani iwe ya Ziwa Tanganyika na si ya ziwa jingine? Pamoja na umbo la mahali na hali ya mwanzo, jibu ni masharti ya mipaka, yaani maelezo ambayo mkokotoaji huipa kompyuta kuhusu yanayotokea ukingoni mwa eneo linalochunguzwa. Makala haya yanakusudia kueleza masharti hayo na hatari ya kuyachukua kwa wepesi.

Kompyuta hugawa eneo katika vyumba vidogo vingi, na thamani ya kila chumba hupatikana kwa kutazama vyumba jirani. Chumba cha ukingoni hakina jirani upande mmoja, na pengo hilo hapana budi lijazwe na mkokotoaji mwenyewe. Aghalabu huongezwa safu ya vyumba vya bandia nje ya ukingo, navyo hupewa thamani zinazotimiza sharti lililochaguliwa.

Masharti ni ya namna mbili kuu. Sharti la Dirichlet hutaja thamani yenyewe. Sharti la Neumann hutaja jinsi thamani inavyobadilika kuuelekea ukingo. Ziwa Tanganyika latoa mifano ya yote mawili. Chini kabisa, penye kina cha mita 1,470 hivi, maji yanayogusa sakafu hayasogei: kasi yake ni sifuri. Hilo ni la Dirichlet. Juu, upepo huyaburuta maji, na linalotajwa ni nguvu ya mburuto huo, si kasi ya maji. Hilo ni la Neumann. Kwenye midomo ya Ruzizi na Malagarasi hutajwa kiasi cha maji kiingiacho.

Ugumu mkubwa uko mahali pa kutokea maji, yaani mto Lukuga, karibu na Kalemie. Njia nyepesi ni kuandika kiasi kimoja cha maji yatokayo na kukiacha bila kubadilika. Ikichukuliwa kwamba kiasi hicho kimekosewa kwa mita za ujazo 100 kwa sekunde, kosa la mwaka mmoja ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Likienezwa juu ya ziwa lenye kilomita za mraba 33,000 hivi, huwa karibu sentimita 10. Baada ya miaka 10, ziwa la kompyuta litakuwa limepanda au kushuka karibu mita nzima, ilhali milinganyo yenyewe haina dosari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia bora ni kuyafanya maji yatokayo yafuate kimo cha ziwa: ziwa likipanda mto hutoa zaidi, likishuka hutoa kidogo. Kosa dogo haliishi, lakini halilimbikizani mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo, uhusiano huo hutegemea kizingiti cha mto, nacho hakidumu milele. Mwaka 1874 Cameron aliukuta Lukuga umesongwa na mimea, na mwaka 1876 Stanley aliona kwamba bado umezibwa. Takriban mwaka 1878 kizuizi kilibomoka. Joseph Thomson, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1879, alikuta mto wenye nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10. Upepo na sakafu vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni sharti moja la mpaka.

Ukingo ulio wazi una hila nyingine pia. Ukiwekewa sharti lisilofaa, hurudisha mawimbi ndani kama ukuta unavyorudisha sauti. Ndiyo sababu mwaka 1976 Orlanski alipendekeza sharti linaloliacha wimbi lipite kwa kasi yake lenyewe. Inafaa vilevile ukingo huo uwekwe mbali na mahali panapochunguzwa. Kipimo chepesi ni kuusogeza na kukokotoa upya: jibu likibadilika sana, basi jibu hilo lilitoka ukingoni, halikutoka ndani ya ziwa.

Jambo hili si la maabara peke yake. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda na kufurika makazi ya pwani. Anayetaka kuwaambia wakazi wa Kalemie au Uvira maji yatafika wapi hana budi kwanza kwenda kuupima Lukuga na kizingiti chake, kwa maana kompyuta haiwezi kulikisia lile ambalo haikuambiwa.