Kwa Baisikeli Katika Delhi ya Kale

Mwezi wa Desemba uliopita, wakati wenzangu walipokuwa nyumbani wakivuna kahawa, mimi nilikuwa India. Sikwenda kutembea. Baba yangu mdogo alikuwa na ugonjwa wa goti wa siku nyingi, na wazee wa ukoo walichanga fedha ili apelekwe Delhi akapasuliwe, nami nikachaguliwa kumsindikiza kwa kuwa nilikuwa katika likizo. Wagonjwa watokao Afrika ya Mashariki si haba katika mji ule. Wengine walitusalimu kwa Kiswahili pale pale kwenye ngazi za hospitali. Siku ya sita baada ya upasuaji baba mdogo aliniambia, "Wewe kijana, utakaa ukinitazama mpaka lini? Nenda ukauone mji, kisha uje unisimulie." Basi nilikwenda.

Katika miji mingi ya Asia, kama Bangkok, Hanoi na Delhi, wako watu wafanyao kazi ya kuwaongoza wageni mitaani kwa baisikeli, wakisimama hapa kuonja chakula na pale kueleza habari za kale. Mgeni hulipa ada, hupewa baisikeli na chupa ya maji, akafuata. Kundi letu lilikuwa la watu saba. Mbele alitangulia kiongozi, msichana aliyesoma historia katika chuo kikuu, na nyuma kabisa alifuata kijana mwenye pampu na viraka. Nilimwita kiongozi "dada", naye alipofahamu maana yake alicheka, akasema hata kwao mwanamke huitwa "didi", yaani dada mkubwa, na tangu hapo akaniita "bhaiya", kaka. Sheria zake zilikuwa chache: tufuatane mmoja mmoja, tupige kengele bila haya, na ng'ombe akisimama njiani nasi tusimame. Wahindi huendesha magari upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo kwa jambo hilo sikupata taabu.

Tuliondoka yapata saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa mzito na vidole vikiuma kwa baridi. Sharti kwenda mapema, kwa sababu Delhi ya Kale ikisha kuamka haipitiki. Barabara yake kuu, Chandni Chowk, ilitengenezwa upya, na tangu mwaka 1 wa kufunguliwa kwake, yaani 2021, magari ya moto yamekatazwa kupita humo wakati wa mchana. Walakini vichochoro vya pembeni ni vyembamba hata baisikeli mbili hupishana kwa shida, na humo ndimo vyakula vilimo.

Mji huu ulijengwa na Shah Jahan, mfalme yule yule aliyejenga Taj Mahal. Alianza ngome yake ya mawe mekundu mwaka 1639, akahamishia makao yake hapo kutoka Agra mwaka 1648. Chandni Chowk yenyewe ilipangwa na binti yake, Jahanara. Jina lake ni kama kusema uwanja wa mbalamwezi, maana katikati palikuwa na mfereji na birika ambamo mwezi ulionekana usiku. Leo mfereji haupo tena, bali barabara ipo, nayo haizidi kilomita mbili. Katika urefu huo mdogo nilihesabu hekalu la Wajain, hekalu la Wahindu, kanisa la Wabaptisti, nyumba ya ibada ya Wasikh (ambao kwetu huitwa Makalasinga) na misikiti miwili. Kwa Wajain iko hospitali ya ndege. Dini yao hairuhusu kula nyama, kwa hiyo njiwa mgonjwa hulazwa kitandani, lakini mwewe hutibiwa na kurudishwa kwake siku ile ile! Nilicheka sana, mpaka nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimemwacha mgonjwa wodini.

Nyumba ya Wasikh, Sis Ganj, imejengwa mahali alipokatwa kichwa Guru Tegh Bahadur, mkuu wao wa tisa, kwa amri ya mfalme Aurangzeb mwaka 1675. Humo kila anayeingia hulishwa bure, awe wa dini yo yote. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi chini juu ya busati kwa safu. Chapati hazitupwi sahanini. Sharti uzipokee kwa mikono miwili, kama tufundishwavyo sisi kupokea kitu kwa mkubwa. Kulia kwangu alikaa mzee mwenye saa ya dhahabu, na kushoto kwangu mvuta mizigo ambaye miguu yake ilikuwa na mavumbi ya usiku kucha. Wote wawili walipata dengu zile zile kutoka ndoo ile ile. Ndivyo ilivyowekwa na Guru Nanak, aliyeanzisha dini hiyo, katika nchi ambayo watu wa matabaka mbali mbali hawakuwa wakila pamoja.

Mwisho wa barabara tulipinda kuingia Khari Baoli, soko la viungo ambalo ni miongoni mwa makubwa ya Asia. Kabla ya kuliona tulilijua kwa puani. Vumbi la pilipili hujaa hewani hata wachukuzi wenyewe hukohoa, na sisi tulipiga chafya mpaka tukashuka kwenye baisikeli. Kulikuwa na magunia ya manjano, iliki, mdalasini na karafuu, nami nilishika karafuu moja nikainusa, nikijua kwamba India ni mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Ni hapo hasa nilipoona haya. Mbele yangu mtu mwembamba, umri wake kama wa baba mdogo, alikuwa akiendesha baisikeli ya magurudumu matatu iliyopakiwa magunia kupita kimo chake, akisimama juu ya pedali kwa kila mzunguko. Mimi nilikuwa nimelipa fedha ili nipige pedali. Yeye alipiga pedali ili apate fedha. Nilimwuliza dada kama watu hawa hawachukizwi na misafara yetu. Alijibu kwamba wengi hutoka vijijini Bihar, mbali sana, na kinachowachukiza ni mgeni anayesimama katikati ya njia kupiga picha. Tangu hapo nilisimama kando.

Sasa nitasema juu ya sambusa, maana ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Sambusa ya Delhi huitwa samosa, ni nene, na ndani yake mna viazi na njegere. Nilidhani hiyo ndiyo ya asili, na yetu ya nyama ni ya kuiga. Kumbe sivyo. Yule msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikwenda Delhi akawa kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq, na aliandika juu ya chakula cha pale kilichoitwa sambusak: nyama iliyosagwa, ikapikwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika andazi jembamba na kukaangwa kwa samli. Viazi havikuwako India siku hizo. Vililetwa na Wareno kutoka Amerika miaka mingi baadaye, na pilipili kadhalika. Basi sambusa ya nyama iuzwayo pwani yetu, kwa jina na kwa tumbo lake, ni jamaa wa karibu zaidi wa ile ya Ibn Battuta kuliko hii niliyoila Delhi. (Hata hivyo nilikula tatu.)

Karibu na Jama Masjid, msikiti mkuu uliomalizika mwaka 1656, tulikunywa nihari. Huu ni mchuzi wa nyama ya muundi uliopikwa kwa moto mdogo usiku kucha, ukaliwa asubuhi pamoja na mkate uliotiwa hamira. Jina lake latokana na neno la Kiarabu ambalo nasi twalijua katika mashairi, nahari, yaani mchana. Pembeni muuzaji alibeba sinia la povu la maziwa lenye zafarani, ambalo hupatikana majira ya baridi tu. Ukilitia mdomoni halitafuniki. Hutoweka kabla hujajua umekula nini. Sikulipenda sana.

Wakati tukinywa nihari, dada alitueleza jambo ambalo sikulitazamia. Agosti 1947, Waingereza walipoondoka na nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan, Waislamu wengi wa Delhi waliuawa au walikimbilia Pakistan, na Wahindu na Wasikh wa Punjab ya magharibi walikimbilia Delhi kwa malaki. Wapishi wengi wa nihari walikwenda, lakini nihari ilibaki. Nao wakimbizi walikuja na tanuri zao za udongo, na neno lao, tandoor, ni ndugu wa tanuri yetu. Katika mtaa wa Daryaganj, hatua chache kutoka hapo, wakimbizi waliotoka Peshawar walifungua hoteli iitwayo Moti Mahal, na kuku wa tanuri waliyempika akapata sifa mpaka nchi za mbali. Leo mgeni akifika Delhi huomba chakula hicho kana kwamba kilikuwako tangu enzi za wafalme.

Nilimwambia dada kwamba kwetu Uganda pia, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, nao wakaacha maduka na nyumba. Aliniuliza, "Na chakula chao?" Nilimweleza juu ya chapati ya mayai iliyoviringishwa, ambayo vijana wa Kampala huiita rolex, na ambayo mimi mwenyewe hununua kila nikifungua shule, bila kukumbuka hata siku moja ni nani waliotuletea. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema bibi yake alizaliwa Lahore, na mpaka kufa kwake alisema maji ya Delhi hayaivishi dengu vizuri.

Saa nne tulirudisha baisikeli. Nilifunga samosa mbili katika gazeti nikampelekea baba mdogo, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akilalamikia uji wa hospitali. Aliketi kitandani, akaivunja moja, akaitazama ndani kwa muda mrefu.

"Nyama iko wapi?" aliuliza.

Nikavuta kiti, nikaanza kumsimulia habari za Ibn Battuta.