Fedha Mkononi mwa Fukara
Katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, tangu mwaka 2014, shirika la GiveDirectly lilizipelekea kwa simu kaya zaidi ya 10,000 zilizoishi katika nyumba za nyasi takriban dola 1,000 kila moja, pasipo sharti wala deni. Na wenyewe, kinyume cha dhana ya wale wamwonao fukara kuwa mbadhirifu, wakaezeka mabati, wakanunua mifugo, wakaanzisha biashara ndogo ndogo. Lakini lililo la ajabu zaidi, nalo kwa rai yangu lastahili kutafakariwa na kila mwenye mamlaka, ni kwamba hata jirani asiyepewa kitu alinufaika, maana fedha ile ilizunguka madukani na kwa mafundi, na bei za bidhaa zikapanda kwa kiasi hafifu mno.